Utafiti kwa Fedha za Umma: Somo Kutoka Upare

Katika mikutano ya vyama vya msingi vinavyouza kahawa huzuka mara kwa mara swali moja, hasa pale katibu asomapo taarifa ya malipo. Mwanachama husimama akauliza: makato haya ya utafiti ni ya kazi gani? Gharama za magunia anaziona, za usafirishaji anaziona, za ukoboaji pia anaziona. Utafiti hauoni. Mzee wa Bombo ambaye mibuni yake imezeeka, na ambaye msimu uliopita buni zilimdondokea shambani zikiwa nyeusi kabla ya kuiva, ana haki kamili ya kuuliza hivyo. Katibu akimjibu kwa neno moja tu, kwamba utafiti ni maendeleo, atakuwa hajamjibu. Yafaa basi jambo hili lichunguzwe kwa mifano, na kwa bahati mifano mizuri haiko mbali. Mmoja wao ulitendeka chini kabisa ya milima hiyo hiyo anayokaa mzee huyo.

Kwa nini kazi hii iwe ya umma

Wakulima wa Upare wanafahamu ndiva. Maji ya mfereji hukusanywa usiku katika bwawa dogo, na asubuhi hufunguliwa yakanyweshe mashamba kwa zamu. Ndiva haichimbwi na mtu mmoja. Huchimbwa, na kila mwaka huzolewa tope, kwa msaragambo, maana faida ya shamba moja haiwezi kulipa jasho la kazi yote, lakini faida ya mashamba arobaini huilipa na kubakiza. Hesabu ya utafiti ni hiyo hiyo, ila imezidi kidogo. Maji ya ndiva hupungua kila shamba linaponyweshwa, lakini maarifa hayapungui. Mkulima akishajua kwamba mche fulani hustahimili ugonjwa, jirani yake hujua kesho yake, na yule wa ng'ambo ya pili hujua mwezi ujao, wala hakuna aliyempunguzia mwingine.

Kwa sababu hiyo hiyo mfanyabiashara huogopa kulipia utafiti wa namna hii. Hawezi kuweka mlango na kudai kiingilio. Kampuni hutafuta kitu kinachoweza kuuzwa ndani ya miaka michache, na kwa vitu vya namna hiyo hufanya kazi nzuri. Si haki kulikana hilo. Lakini maswali mengi ya mkulima huchukua miaka thelathini au arobaini, na jibu lake likipatikana halina bei dukani.

Muhogo wa Amani

Katika milima ya Usambara Mashariki, serikali ya Wajerumani ilianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo mahali paitwapo Amani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kilizorota, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kikafufuliwa chini ya Waingereza ili kuzitumikia nchi za Afrika Mashariki. Alikuwapo hapo mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, ambaye pamoja na mwenzake R. F. W. Nichols alishughulikia ugonjwa wa batobato ya muhogo. Ugonjwa huu huletwa na virusi, huenezwa na inzi weupe, hukunja majani na kupunguza mizizi hata shamba zima likawa kama halikupandwa.

Katika mihogo ya kawaida hawakupata iliyokuwa na kinga ya kutosha. Wakaamua kuuchanganya muhogo na ndugu yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceara, ambao asili yake ni Brazili. Kizazi cha kwanza hakikufaa kitu jikoni: mizizi ilikuwa migumu kama kuni. Wakakirudisha kwa muhogo, wakapata kizazi kingine. Wakakirudisha tena, na tena, wakichagua kila mara miche yenye kinga na mizizi inayolika. Nichols alifariki mwaka 1951, na mwingine, D. L. Jennings, akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1957. Mtu aliyezitazama hesabu za Amani katika miaka hiyo angeweza kusema kwamba fedha zimepotea.

Mbegu za mihogo hiyo zilipelekwa katika nchi kadhaa, Nigeria ikiwa mojawapo. Huko ukapatikana mche uliopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, na mtaalamu S. K. Hahn alipoanza kazi yake ya muhogo hapo mwaka 1971, mche huo ndio uliotumika kama chanzo cha kinga. Miaka ya 1990 batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda na watu wakaona njaa, aina zilizowaokoa wakulima zilikuwa na damu ya mche ule. Kutoka msalaba wa kwanza wa Amani hadi shamba la mkulima wa Uganda ni zaidi ya nusu karne.

Mpango wa malaria wa Pare na Taveta

Kituo cha kilimo kilipohamia Muguga, nchini Kenya, majengo ya Amani yalichukuliwa na watafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, chini ya Daktari D. Bagster Wilson. Nao, mwaka 1954, walianza kazi ambayo wazee wachache wa tambarare bado wanaweza kuikumbuka. Iliitwa Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta. Ilihusu tambarare zilizo chini ya milima ya Upare na kuvuka mpaka hadi Taveta, Kenya, na iligharimiwa na hazina za umma.

Swali lilikuwa moja na halikuwa dogo. Je, nyumba za watu zikipulizwa dawa ya kuua mbu kwa miaka kadhaa mfululizo, malaria itakoma katika sehemu ambayo kila mtoto huugua? Wakati huo dunia nzima ilikuwa na matumaini makubwa, na mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza nia ya kuufuta ugonjwa huo. Dawa iliyotumika Upare iliitwa dieldrini. Iliundwa na kampuni ya Marekani katika miaka ya 1940, na kampuni ilikuwa tayari kuiuza kwa yeyote. Lakini kama dawa hiyo ingeokoa watoto wa bondeni, hilo kampuni haikulijua wala haikuwa na haja ya kulijua. Lilihitaji watu wa kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kulikokuwa kazi kubwa, kuliko kupuliza. Kabla ya tone la kwanza la dawa kugusa ukuta, watafiti walipima damu ya watoto na watu wazima ili kujua ni wangapi wana vimelea. Walikamata mbu majumbani usiku na alfajiri, wakawapasua mmoja mmoja chini ya darubini. Waliandika vizazi na vifo. Daktari C. C. Draper na A. Smith walichapisha mwaka 1957 hali ya malaria katika Upare kabla ya dawa, na mwaka 1960 wakachapisha yaliyotokea baada ya miaka mitatu ya kupuliza. Bila kitabu cha kwanza, kitabu cha pili kisingekuwa na maana yoyote. Makatibu wanaofunga hesabu za mwaka watalielewa hili upesi: bila salio la mwanzo hakuna awezaye kusema kama chama kimepata au kimepoteza.

Upulizaji ulianza mwaka 1955 ukaisha mwaka 1959. Matokeo yalikuwa makubwa. Watoto wenye vimelea walipungua mno. Draper aliona pia jambo ambalo halikutazamiwa kwa ukubwa huo: wekundu wa damu, ule unaochukua hewa mwilini, uliongezeka baada ya malaria kupungua, hasa kwa watoto wadogo. Upungufu wa damu ambao watu waliuzoea hata wakauona ni hali ya kawaida ya mtoto wa bondeni ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya malaria. Vifo vya watoto wachanga vilishuka sana.

Hata hivyo malaria haikukoma. Na hapa ndipo somo lenyewe linapokuwa nono, kwa sababu watafiti hawakuficha jambo hilo, bali waliuliza ni kwa nini.

Mbu aenezaye malaria hakuwa mmoja. Anofelesi funestasi, apendaye kuuma watu ndani na kisha kutua ukutani akipumzika, alikutana na dawa kila usiku na akatoweka karibu kabisa. Anofelesi gambiae alipungua lakini akabaki, maana baadhi yake waliuma nje na kunywa damu ya ng'ombe, wasiguse ukuta. Kisha likatokea jambo la ajabu. Baada ya funestasi kutoweka, mbu mwingine afananaye naye sana, rivulorumu, aliongezeka. Bwana M. T. Gillies na Bwana Smith walilieleza jambo hilo mwaka 1960. Katika kuwatenganisha mbu hawa wanaofanana, Gillies alitambua mmoja ambaye hakuwa na jina katika vitabu vya dunia, na mwaka 1962 akampa jina la parensisi, kwa heshima ya Upare. Kila mwanafunzi wa mbu, awe London au Dakar, hulitaja jina hilo.

Msomaji aweza kuuliza, jina la mbu humfaa nini mkulima? Kwa miaka mingi halikumfaa kitu. Lakini mwaka 1996 ikaandikwa kwamba rivulorumu, ambaye wengi walimdharau kuwa ni mbu wa ng'ombe, alipatikana karibu na Muheza akiwa amebeba vimelea vya malaria ya binadamu. Waliomtambua hawakuanza mwanzo. Walikuwa na maandiko ya Upare.

Kibanda chenye baraza

Tunda lingine la kazi ile ni la mbao na mabati. Smith alitaka kujua ni mbu wangapi huingia katika nyumba, wangapi hutoka wakiwa hai, na wangapi hufa kwa dawa. Katika nyumba ya kawaida hilo halijulikani, kwa maana mbu aliyekufa huchukuliwa na sisimizi kabla ya mapambazuko, na aliyetoka hutokea chini ya paa asionekane. Mwaka 1965 alieleza kibanda alichokibuni. Kibanda kina baraza zinazoweza kufungwa kwa wavu, ili mbu watokao chini ya paa wanaswe humo. Baraza nyingine huachwa wazi ili mbu waingie, na siku nyingine hubadilishana zamu. Vibanda vya namna hiyo hujengwa juu ya nguzo, na huzungukwa na mfereji mdogo wa maji ili sisimizi wasivuke. Mtu hulala ndani, na asubuhi mbu huhesabiwa.

Kifaa hicho hakina fahari yoyote. Fundi wa kijiji aweza kukijenga. Lakini kibanda cha mtindo wa Afrika Mashariki, kama kinavyoitwa, kimetumika hadi leo kupimia dawa na vyandarua kabla ya kuruhusiwa kugawiwa kwa watu.

Vyandarua vyenyewe vina historia inayofanana. Ua la pareto, ambalo wakulima wa Tanzania na Kenya wamelilima kwa miaka mingi, lina sumu inayoua wadudu na isiyomdhuru sana binadamu, ila huharibika upesi kwenye mwanga wa jua. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kilichokuwa kikigharimiwa na serikali, Michael Elliott na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi kuiga sumu ya pareto na kuifanya idumu. Mwaka 1973 walitangaza pamethrini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Amani, ambao kwa wakati huo walikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, walishirikiana na wenzao wa London kujaribu vyandarua vilivyochovywa dawa hiyo katika vijiji vya Muheza. Majaribio mengine yakafanywa kwingine Afrika. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, ilionekana katika miaka ya 1990 kwamba vyandarua hivyo vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2004 akina mama wajawazito wa Tanzania wakaanza kupewa hati punguzo za kununulia chandarua.

Deni ambalo halikulipwa vizuri

Itakuwa udanganyifu kuisifu kazi ya Upare bila kutaja upande wake wa pili. Upulizaji ulipokoma mwaka 1959, mbu walirudi polepole na malaria ikarudi. Watafiti walibaki kwa miaka kadhaa wakipima jinsi inavyorudi. Watoto waliozaliwa wakati wa dawa walikuwa hawajajenga kinga ambayo kaka zao waliijenga kwa kuugua, na hatari hiyo ilijulikana. G. Pringle, aliyeyaandika mambo hayo mwaka 1969, aliona kwamba vifo havikurudi katika kiwango cha zamani, na mojawapo ya sababu zilizofikiriwa ni kwamba matibabu yalikuwa yamewakaribia watu zaidi. Hilo ni la kushukuru, lakini halilifuti swali. Wanahistoria wameuliza baadaye: watu waliotoa damu yao na kufungua nyumba zao walielezwa nini juu ya mwisho wa mpango? Ripoti kuu ya mwaka 1960 ilichapishwa kwa Kiingereza. Mama wa Ndungu au Kisiwani aliyetolewa damu mtoto wake hakuwa mtu wa kuisoma.

Na dieldrini yenyewe, iliyofanya kazi kubwa namna ile, ilikuja kuonekana kuwa sumu inayokaa katika udongo na miili ya viumbe kwa muda mrefu, hata ikawekwa katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001. Hilo pia liligunduliwa kwa utafiti.

Wala fedha za umma peke yake si dawa. Tanganyika ilishuhudia mwaka 1947 mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilitumia paundi milioni 36, na mwaka 1951 ikauacha. Matrekta yalitangulia, upimaji wa mvua na udongo ulifuata nyuma ukichechemea. Udongo wa Kongwa, ukikauka, ulikuwa mgumu hata majembe ya mashine yakashindwa. Sehemu ndogo sana ya fedha zile, kama ingetumika miaka mitatu kabla kwa mashamba ya majaribio, ingetosha kumwambia waziri asianze.

Kahawa, na jibu kwa mzee wa Bombo

Sasa turudi kwenye buni nyeusi. Ugonjwa huo wakulima wanauita chulebuni. Uliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na mwaka 1964 ukaingia Tanzania. Kituo cha Lyamungu, karibu na Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilikuwa kimekwisha kuwapa wakulima wa Kaskazini mibuni mizuri kama N39 na KP423, yenye kahawa inayosifiwa na wanunuzi. Mibuni hiyo haikuwa na kinga dhidi ya chulebuni. Mkulima akabaki na njia moja, yaani kupuliza mrututu na dawa nyingine mara nyingi kila msimu. Bei ya dawa ilipopanda na ya kahawa iliposhuka, wengi waliacha kupuliza, na wengine wakang'oa.

Lyamungu ilianza kuchanganya. Kinga ilitafutwa mbali: katika mbuni wa Rume uliotoka uwanda wa Boma, Sudani Kusini ya leo, na katika mbuni ulioonekana kisiwani Timor mwaka 1927, ambapo arabika na robusta zilizaana zenyewe. Mche wa kahawa huhitaji kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na mavuno kadhaa kabla ya kuaminiwa. Kisha huchanganywa tena na kungojewa upya. Watafiti waliopanda misalaba ya kwanza walistaafu. Mwaka 2001 kazi hiyo ilikabidhiwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoendeshwa kwa makato ya wakulima wenyewe pamoja na fedha za serikali na wafadhili. Aina mpya zenye kinga dhidi ya chulebuni na kutu ya majani zilitolewa rasmi mwaka 2005.

Kutoka mwaka 1964 hadi 2005 ni miaka 41. Hakuna benki inayokopesha kwa muda huo, na hakuna kampuni ambayo ingengoja, hasa ikijua kwamba mche ukishapatikana, kikundi cha wakulima kinaweza kupanda bustani mama, kukata vikonyo na kuzalisha miche yake chenyewe. Mzee wa Bombo akiuliza makato yake yamekwenda wapi, sehemu ya jibu imo kitaluni. Sehemu nyingine hakuilipa yeye. Ililipwa na waliouza kahawa kabla yake, nao wengi hawakuuona mche huo.

Anaweza kujibu kwamba miche haijamfikia, au imemfikia michache, au hajui ni ipi inayofaa kimo cha shamba lake. Malalamiko hayo ni ya kweli mahali pengi na hayapaswi kujibiwa kwa hasira. Ni kasoro ile ile ya ripoti ya mwaka 1960: maarifa yamelipiwa na umma, kisha yakabaki kabatini. Halmashauri ya chama ina haki ya kumwita mtaalamu aje aeleze kwa Kiswahili, mbele ya wanachama, yaliyopatikana na yaliyoshindikana.

Mtaalamu huyo naye atauliza maswali. Atataka kujua mibuni ya zamani ni mingapi katika chama na mipya ni mingapi, ilipandwa mwaka gani na kwa kimo gani cha mlima, mvua ilinyesha lini, na ni msimu gani chulebuni ilizidi. Katibu asiye na daftari atakisia. Daftari la mistari na kalamu vyatosha kuanzia, na mwezi mzuri wa kuanza ni ule kabla ya mibuni kutoa maua, ili salio la mwanzo liwepo.